Picha Mbili za Bonde Moja

Kwa miaka yote niliyoifanya kazi hii, mama alipoulizwa na wageni binti yake mkubwa anafanya nini, alijibu kwamba niko kwenye maji. Basi. Mgeni angeweza kudhani nauza maji ya lori, yale malori ya bluu yanayomwaga nusu ya mzigo barabarani. Mdogo wangu aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, hata vumbi la safari halijamtoka, nikamsikia mama akimwambia jirani yetu pale mtaani kwetu, Juba Na Bari, kwa sauti ya kufika mtoni, "Huyu wangu anaona chini ya ardhi." Mimi nilikuwa nimeinama kwenye jiko la mkaa, nakoroga bamia. Kazi ile ile. Mashine ile ile pia, maana aliyokuja kuitumia ni ile niliyoibeba mgongoni tangu yeye yuko sekondari.

Alikuja na sanduku lenye magurudumu, na magurudumu hayo hayakuzunguka hata mara moja kwenye mchanga wa mtaa wetu. Mimi ndiye niliyelibeba kichwani kutoka barabarani. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza, na anacheka kwa kutupa kichwa nyuma kama mtu asiyedaiwa chochote na dunia. Miguuni alivaa buti za kazi za ngozi ya kahawia, zisizopitisha maji, na kila aliyeziona aliuliza zimetoka wapi. Buti zangu zilitoka soko la Konyo Konyo, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Sisi tulikulia uhamishoni, kaskazini ya Uganda, na baba alituachia huko kaburi lake. Amani ilipokuja tukarudi Juba, na ilibidi mmoja wetu akae na mama. Hakuna aliyetuuliza nani. Mimi nilikuwa nimepata stashahada yangu ya maji na miamba Kenya, nikapata kazi, nikakaa. Yeye akapata ufadhili, akaenda. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, nikampungia mkono mpaka ndege ikamezwa na mawingu, kisha nikarudi kazini kwa miguu, kwa sababu ofisi yetu iko mtaa wa Thongpiny, hapo hapo kando ya uwanja. Miaka iliyofuata, kila ndege iliyopaa ilitikisa dirisha langu. Mwanzoni ilinikumbusha mdogo wangu. Baadaye ilinikumbusha tu nani hakupanda.

Mwenye kampuni ni Msomali aliyekulia Kenya. Alianza kwa kuuza pampu na matangi Konyo Konyo, halafu akaona heri auze na shimo lenyewe. Wote tunamwita Haji. Wachimbaji wake ni Waganda na Wakenya, kwa hiyo kazini tunaongea Kiswahili, kila mtu na chake, na Kiarabu cha Juba kinaingia bila kubisha hodi. Haji alimwajiri mdogo wangu kwa sababu mimi nilimwombea. Mama aliniagiza, na mimi ni mtoto anayeagizika.

Msimu huo huo Haji akapata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mji wa Juba umekaa juu ya mwamba, lakini ukienda kaskazini mwamba huo unazama, na juu yake mto umemwaga udongo na mchanga, tabaka juu ya tabaka, tangu kabla ya mtu yeyote kuwa na jina. Hilo ndilo bonde la mashapo. Haji alitakiwa kulipima lote, ijulikane wapi kuna mchanga wenye maji matamu na wapi kuna chumvi, ndipo visima vipangwe. Ni kazi ya misimu mingi, na inataka mtu mmoja wa kuiongoza. Haji alituita mimi na mdogo wangu akasema wazi kwamba shimo la kwanza ndilo litakaloamua. Ambaye kusoma kwake kutakuwa kweli, huyo atapewa bonde.

Nililitaka bonde lile. Nililitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume, na wapo niliowataka sana.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unatandaza waya kwenye nyasi, kitanzi cha mraba kikubwa kama uwanja wa shule. Unapitisha umeme ndani yake, halafu unaukata ghafla. Ardhi haipendi kukatiwa. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho inaendelea kuzungusha mikondo yake yenyewe midogo, inayoshuka chini na kufifia, na koili iliyowekwa katikati ya kitanzi inasikiliza kule kufifia. Mchanga mkavu na mwamba husahau upesi. Udongo wa mfinyanzi hushikilia. Wenye chumvi hushikilia zaidi. Kutokana na kusahau huko unachora matabaka ambayo hakuna jicho lililoyaona. Nimekuwa na urafiki na udongo wa mfinyanzi tangu siku nilipofundishwa hayo, maana mimi pia sisahau upesi.

Tulikwenda kupima karibu na kijiji kimoja upande wa barabara ya Terekeka, watu wa ng'ombe, wanaokunywa maji ya madimbwi mpaka madimbwi yakauke, kisha wanayafuata mtoni. Kabla ya kupima, kila mtu hutakiwa kuweka vyuma vyake mbali na koili: simu, funguo, mkanda, bangili. Mimi nimewapigia wachimbaji kelele za vyuma miaka na miaka, na bado nilikuwa nakuta kisu mfukoni mwa mtu. Mdogo wangu aliwaomba mara moja, akicheka. Mkuu wa wachimbaji, Mganda mwenye shingo nene ambaye hajawahi kunitii bila kununa, akafungua mkanda wake hapo hapo akashika suruali kwa mkono.

"Madamu amesema tutoe, tutoe," akawaambia wenzake.

Mimi huniita Mama Waya.

"Dada, wewe kaa na kipokezi," mdogo wangu akaniambia. "Mimi iko na nguvu, nitavuta waya."

Kuvuta waya juani ndiyo kazi ya punda. Kukaa na kipokezi, kile kinachoandika koili inachosikia, ni kazi ya mkubwa, chini ya mwavuli. Alinipa nafasi ya heshima mbele ya watu, na hilo likaniudhi kuliko kama angeninyang'anya, kwa sababu sasa sikuwa na la kulalamikia. Nilikaa chini ya mwavuli nikimwangalia anavyotoka jasho vizuri.

Kina mama wa kijiji walikuja kutazama. Mmoja, mtu mzima, mrefu, mwenye dumu la njano ubavuni, akauliza kwa Kiarabu cha Juba kama maji yapo. "Moya fi?"

"Fi, mama," mdogo wangu akajibu, papo hapo, waya begani.

Mimi sijawahi kumwambia mtu fi kabla mtambo haujachimba. Nilitaka kumkemea. Lakini yule mama alikuwa ameshatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa langu.

Tuliporudi ofisini tukachukua vipimo vile vile, kila mmoja kwenye meza yake. Watu hudhani kompyuta ndiyo inayogundua. Haigundui kitu. Lazima uiambie ianzie wapi: unadhani kuna matabaka mangapi, na ya nini. Ukishaipa dhana yako, inasogeza hapa, inapunguza pale, mpaka mstari wake ulale juu ya nukta ulizopima. Hapo ndipo ardhi ilipo na ujanja wake. Tabaka jembamba lenye chumvi kali, na tabaka nene la udongo wa kawaida, yanaweza kukupa mstari ule ule. Ukitazama mstari peke yake huwezi kujua ni lipi.

Yeye alimaliza kwanza, kama kawaida yake. Akaja mezani kwangu na picha yake: udongo mweusi juu, chini yake udongo wa kijivu mnene, na chini ya huo mchanga, na mchangani maji matamu. Aliipaka rangi za kupendeza. Niliitazama kwa muda mrefu nikitafuta kosa. Ilikuwa picha nzuri, na alikuwa amesimama karibu sana nami, ananukia sabuni ileile mama anayomfichia.

"Unaonaje, dada?"

"Nitaona," nikasema.

Alipoondoka nikaiambia kompyuta ianze na chumvi. Tabaka jembamba, chumvi kali, katikati ya mchanga. Mstari wangu ukalala juu ya nukta kama mtoto aliyeshiba. Nikajaribu kuusogeza, ukagoma, ukarudi pale pale. Mpaka leo siwezi kusema kama niliona chumvi kwa sababu ilikuwa kwenye vipimo, au kwa sababu yeye alikuwa ameshauona udongo. Mashine haina wivu. Ila inaanzia pale unapoiambia ianzie, na mimi nilikuwa naanzia mbali, kwenye sanduku lile kichwani, kwenye bamia.

Haji aliziweka picha zetu mbili kwenye meza yake, akavaa miwani, akaivua.

"Hizi vipimo ni moja ama ni mbili?"

"Ni vile vile, Haji," tukajibu kwa pamoja.

"Na hii inasema tamu. Na hii inasema chumvi."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nichimbe picha ama nichimbe ardhi?"

Mdogo wangu akacheka. Mimi sikucheka. Nilieleza kwa utulivu kwamba kigingi cha kuonyesha pa kuchimba kihamishwe mashariki, karibu na mto, ambako vipimo havikuwa na utata wowote.

"Dada, huko ni mbali," mdogo wangu akasema. "Wale kina mama watatembea tena."

"Afadhali watembee kwenye matamu kuliko walale jirani na chumvi."

Lilikuwa jibu zuri, na hata Haji alikubali kwa kichwa. Nilimwona mdogo wangu akinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa na mlango wa nyumbani kwao. Haji akazungusha tasbihi yake kidoleni, akafikiri.

"Tutachimba ya mdogo kwanza, iko karibu na watu. Ikitoka tamu, bonde ni lake. Ikitoka chumvi, tunahamia ya dada, na bonde ni la dada. Wallahi, hiyo ni haki. Khalas."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ili mimi nipate, wale kina mama wakose kwanza. Jumapili ile mama aliomba kanisani, kwa sauti, Mungu abariki shimo la binti yake mdogo. Kanisa zima likaitikia amina. Nilikuwa nimeketi kando ya mama, nimemshikia kitabu chake cha nyimbo, na mimi nikaitikia amina, lakini moyoni niliomba chumvi. Niliiomba kwa maneno kamili, sikumumunya. Nilimkumbuka yule mama wa dumu la njano, nikaomba hivyo hivyo.

Siku ya kuchimba ilipofika, mtambo ukapiga kelele na kijiji kizima kikaja na watoto na mbwa. Kinachotoka shimoni hupangwa chini kwenye turubai, vichungu vichungu kwa mfuatano, kama wauza viungo wanavyopanga sokoni. Udongo mweusi ukatoka. Kisha wa kijivu. Kwa picha yangu huo wa kijivu ulipaswa kwisha upesi, lakini uliendelea kutoka, kichungu baada ya kichungu, mnene, wa kawaida, unanata vidoleni. Nilivitazama vile vichungu kama mtu anayetazama harusi ya mchumba wake wa zamani. Bado sikukata tamaa. Mchanga wa chini ungeweza kuwa na maji ya chumvi, na maji ndiyo yangeamua, si udongo.

Mdogo wangu akaja akaketi nami juu ya bomba. Uso wake ulijaa vumbi la kijivu.

"Dada, ikitoka chumvi, mimi sitakasirika. Bonde itakuwa ya wewe. Mimi najua vile umengoja."

"Asante," nikasema.

Ningemwelewa kama angejigamba. Mtu anayejigamba anakusaidia, unajua pa kuiweka chuki yako. Huyu alikuwa ameninyima hata hapo. Aliegemeza kichwa chake begani mwangu kama tulivyokuwa tukikaa kambini tukingoja mgao, na mimi sikulitoa bega langu, ila sikulilegeza pia.

Mchana, mchanga ukatoka, mweupe, safi, na mara maji yakapanda. Wachimbaji wakayaacha yatiririke mpaka matope yapungue. Kisha mkuu wao akakinga kikombe cha bati, na watu wote wakasogea, kwa sababu wanaijua desturi yetu hata wale ambao hatujawahi kuwachimbia. Maji ya kwanza haonji aliyepiga kigingi. Huyo hata maji ya bahari atayaita matamu. Anayeonja ni yule aliyekipinga kigingi. Kipo kifaa cha kupimia chumvi, kijiti chenye namba, na Haji hukitumia kwa ripoti zake, lakini siku ile bado kilikuwa garini, na kijijini hakuna anayekiamini kijiti. Wanautazama mdomo wa aliyepinga. Akisema helu, yaani matamu, wanaleta madumu. Akisema ma helu, wanageuka kwenda zao, na hakuna namba itakayowarudisha. Kisima kinabaki cha mbuzi na Haji anahamisha mtambo.

Mganda yule akanipa kikombe. Kwa mara ya kwanza hakununa.

"Mama Waya," akasema kwa upole, "ni wewe."

Maji ya kwanza ya kila kisima yana ladha ya chuma na matope. Hilo nalijua mimi, analijua mdogo wangu, wachimbaji wanalijua. Kama ningekunja uso na kusema ma helu, nani angeniita mwongo? Ningesema nimesikia chumvi. Kwa namna fulani ningekuwa nimeisikia, maana nilikuwa nimeiona kwenye kompyuta yangu, imechorwa, imelala juu ya nukta. Haji alikuwa amesimama kivulini na tasbihi yake, tayari kumtazama mmoja wetu kwa namna mpya. Yule mama mrefu alikuwa ameshaweka dumu lake chini. Alikuwa anautazama mdomo wangu.

Nikanywa. Matope kidogo, chuma kidogo. Nyuma yake nikangoja chumvi ije. Nikanywa tena, nikayazungusha mdomoni polepole, nikaitafuta kwenye pembe za ulimi, nikaitafuta chini ya ulimi. Niliitafuta kwa haki zote. Maji yalikuwa matamu kiasi cha kukera, baridi, mazuri, maji ambayo ningeyanywa hata kama ningekuwa sina kiu.

Nikainua macho nikamwona mdogo wangu. Hakuwa anamtazama Haji, wala maji. Alikuwa ananitazama mimi, kwa uso wa zamani, wa mtoto anayejua kwamba dada yake hawezi kumfanyia ubaya. Hakuwa na hofu hata chembe. Nilitamani awe nayo. Wallahi nilitamani, kwa nukta moja tu, aogope neno langu.

"Helu," nikasema.

Vigelegele vikapasuka. Kina mama wakapita kando yangu na madumu kama maji yenyewe, na yule mrefu alimkumbatia mdogo wangu mpaka kofia ikamwanguka. Haji akaja akampa mkono, na papo hapo kaskazini yote, kuanzia mwamba unapozama mpaka kule ambako hakuna aliyewahi kutandaza waya, ikawa yake. Mdogo wangu akanirukia shingoni, akalia, akacheka, akasema asante dada, asante dada, kama vile nilikuwa nimemshikia tu mlango.

Sasa mimi niko chini yake. Namsomea vipimo vyake, na picha tunachora pamoja, na mara nyingine dhana yangu ya kuanzia huwa bora kuliko yake, na yeye husema hivyo mbele ya kila mtu, ambalo ni jambo gumu kuvumilia. Watu wakimuuliza alilipataje bonde, anajibu kwamba picha yake ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi, sikatai. Lakini kabla bonde halijawa lake, lilikuwa mdomoni mwangu, lote, na mimi ndiye niliyempa. Hajui. Haijawahi kumpitia akilini kwamba kulikuwa na kitu cha kupewa, na hilo ndilo ambalo bado sijamsamehe.